Lenzi Kuukuu na Mwanga Usioonekana

Helios 44-2 ni lenzi ya milimita 58 iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti, ya ukoo wa lenzi uliotoka viwandani kwa mamilioni. Kwa kawaida iliuzwa ikiwa tayari imefungwa kwenye kamera ya Zenit. Ni kipande kizito cha alumini na vioo sita, hakina injini wala nyaya, na namba zake zimechongwa kwenye chuma badala ya kuwekwa kwenye skrini. Mitumba yake mtandaoni mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 100. Mpiga picha wa harusi hana kazi nayo. Lakini kwa anayepiga picha za karibu kwa mwanga wa infraredi, kasoro nyingi zinazoishusha bei hiyo hazina uzito tena, na moja mbili hugeuka kuwa faida.

Jicho la binadamu huona mwanga wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hivi, upande wa zambarau, hadi 700 hivi, upande wa wekundu. Unaofuata baada ya wekundu ndio infraredi. Mwanafalaki William Herschel aliugundua Uingereza mwaka 1800, alipopasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo na kuweka kipimajoto nje kidogo ya ukanda mwekundu, mahali ambapo macho hayakuona kitu. Zebaki ikapanda kuliko ilivyopanda ndani ya rangi zenyewe. Mwaka 1910 mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, alionyesha picha za mandhari zilizopigwa kwa mwanga huo: anga jeusi, na miti myeupe kana kwamba imemwagiwa unga. Weupe huo wa majani mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Infraredi hii isichanganywe na ile ya vifaa vya kupimia homa vya viwanja vya ndege. Joto la mwili hutoka kwa mawimbi marefu zaidi ya mara kumi, ya nanomita 8,000 hadi 14,000, ambayo kioo cha kawaida cha lenzi hakiyapitishi kabisa. Kinachotumika hapa ni kipande kifupi tu, kuanzia 700 hadi 1,000 na kidogo, ambako kihisi cha silikoni cha kamera bado kinapokea mwanga. Wengi wameshaiona dunia hiyo bila kuijua jina: ni ile ya kamera za ulinzi usiku, ambamo ua la michongoma linang'aa kama chokaa na mtu aliyevaa buibui jeusi anaonekana amevaa kijivu, au hata nyeupe.

Kihisi cha kamera yoyote ya kidijitali kinaiona infraredi vizuri. Tatizo ni kwamba watengenezaji hawataki kiione, kwa sababu ikichanganyika na mwanga wa kawaida rangi huharibika. Ndiyo maana mbele ya kihisi huwekwa kioo chembamba cha kuizuia. Leica M8 ya mwaka 2006 ilitoka na kioo dhaifu mno, na suti nyeusi za kitambaa cha sintetiki zikawa za zambarau pichani. Kampuni ikalazimika kuwapa wateja vichujio vya kufunga mbele ya lenzi. Kwa anayetafuta infraredi, kasoro kama hiyo ni neema. Kamera kongwe kama Nikon D70 nazo zinajulikana kwa udhaifu wa kioo hicho, na bei yake sasa ni ya kutupa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kufunga mbele ya lenzi kichujio cheusi kinachopitisha infraredi peke yake, kama Hoya R72, na kuiacha kamera ilivyo. Kichujio kinakaribisha infraredi, kioo cha ndani kinaifukuza, na kinachopenya ni kidogo kiasi kwamba picha moja ya juani huweza kuchukua sekunde kadhaa. Kwa mlima au jengo si neno. Kwa ua lililo sentimita kumi kutoka kwenye lenzi, upepo wowote unamaliza kazi. Njia ya pili ni kumpa fundi kamera ya mitumba aondoe kioo cha ndani na kuweka kichujio cha infraredi mahali pake. Hapo picha hupigwa kwa kasi ya kawaida, mkononi. Kazi hiyo si ya kujaribia nyumbani kwa bisibisi na video: kapasita ya flashi iliyomo ndani ya kamera hubaki na chaji ya mamia ya volti hata baada ya betri kutolewa.

Vichujio hutajwa kwa namba ya nanomita ambako vinaanza kupitisha mwanga. Cha 590 huchanganya infraredi na rangi ya machungwa na nyekundu. Cha 720 huacha kivuli tu cha rangi. Cha 850 hutoa picha ya nyeusi na nyeupe kabisa. Kwa lenzi kuukuu, namba hizi zina maana ya ziada. Lenzi za zamani hulaumiwa kwa michirizi ya zambarau na kijani kandokando ya vitu, inayotokea kwa sababu kila rangi huangukia mahali pake tofauti. Kwa kichujio cha 720 au 850 rangi hizo hazipo tena kugombana. Umebaki ukanda mmoja mwembamba, na lenzi ya bei ya chini huchora mistari safi ambayo haikuwahi kuichora mchana wa kawaida. Ukirudi kwenye 590, kasoro inarudi nayo.

Mfano mwingine ni Super-Takumar ya milimita 50, f/1.4, ya kampuni ya Pentax. Matoleo yake mengi yana kioo chenye thoriamu, madini yenye mnururisho hafifu, ambayo kwa miaka mingi hugeuza kioo kuwa cha njano kama chai ya rangi. Wanunuzi huikimbia. Unjano huo hula mwanga wa buluu. Infraredi hupita kama vile haupo.

Utando unaopakwa juu ya vioo nao una hadithi yake. Lenzi za kisasa hupakwa tabaka nyingi zilizopimwa kuua mng'ao kati ya nanomita 400 na 700. Nje ya mipaka hiyo hakuna ahadi, na baadhi ya tabaka hizo hurudisha infraredi nyingi kuliko kioo kitupu. Hapo ndipo linapozaliwa doa, tatizo kubwa la kazi hii: duara jeupe katikati ya picha, kama alama ya kikombe mezani, linaloletwa na mwanga unaodunda kati ya kihisi, vioo na vibapa vya tundu la lenzi. Lenzi nyingi za kisasa za bei kubwa zina doa, na lenzi nyingi za vioo vinne au sita zenye utando wa tabaka moja hazina. Si kanuni. Helios kwa ujumla ina sifa nzuri katika jambo hili, lakini hakuna orodha inayoweza kuchukua nafasi ya kupima ile iliyo mkononi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Karatasi nyeupe huwekwa juani, fokasi huvurugwa makusudi, na picha hupigwa kwa kila namba ya tundu kuanzia f/2 hadi f/16. Zikifunguliwa kwenye kompyuta na kuongezewa tofauti ya weusi na weupe, doa kama lipo litajitokeza, na karibu kila mara litakuwa kali zaidi kadiri tundu linavyofungwa. Lenzi inayochafuka kuanzia f/11 bado ni lenzi nzuri hadi f/8. Kipimo kirudiwe kila umbali wa lenzi na kihisi unapobadilika, kwani doa hubadilika nao.

Umbali huo ndio moyo wa picha za karibu. Helios peke yake haisogei karibu zaidi ya nusu mita, na hapo kitu kinachojaza upana wa kihisi cha milimita 36 ni kikubwa cha sentimita 23 hivi: sahani, si mdudu. Kinachohitajika ni kuisogeza mbele, mbali na kihisi. Neli tupu za chuma zisizo na kioo, za uzi wa M42 ambao ndio wa Helios, huuzwa kwa pamoja tatutatu, mara nyingi za milimita 7, 14 na 28. Zikiunganishwa zote ni 49. Lenzi ikizungushwa hadi mwisho wa karibu hujisogeza yenyewe milimita 9 nyingine. Jumla ni 58, sawasawa na urefu wa lenzi, na hapo ukubwa wa kitu kwenye kihisi unalingana na ukubwa wake halisi: moja kwa moja. Nyuki wa milimita 12 anachukua milimita 12 za kihisi. Kuupata ulingano huo kwa lenzi maalumu ya kisasa hugharimu mamia ya dola.

Neli hizo hufuta pia ugomvi wa zamani wa wapenda lenzi za M42. Lenzi hizo zinatakiwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Kwenye kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi, ambazo zina milimita 46.5, hazifiki na vitu vya mbali hubaki na ukungu; hivyo huuzwa vipete vyenye kioo cha kusahihisha, ambavyo huharibu picha zaidi ya kuitengeneza. Anayepiga jani lililo sentimita 12 mbele yake hana haja na upeo wa macho. Kipete kitupu, cha bei ya soda mbili tatu, kinamtosha.

Akitaka kuvuka moja kwa moja, lenzi hugeuzwa, mdomo wake ukaelekea kwenye kamera, kwa pete ya kugeuzia inayofungwa mahali pa vichujio. Lenzi pana ya milimita 28 iliyogeuzwa hukuza zaidi ya mara mbili. Kwa lenzi ya kisasa jaribio hili hukwama, kwa sababu tundu lake huendeshwa na kamera kwa umeme na likishatenganishwa haliwezi kufungwa. Helios 44-2 ina pete mbili za mkono: moja huweka kikomo cha tundu, nyingine hulifungua na kulifunga. Haihitaji ruhusa ya kamera.

Fokasi ilikuwa balaa enzi za filamu. Infraredi hukutana nyuma kidogo ya mahali mwanga wa kawaida unapokutana, kwa hiyo kilichoonekana kikali kwenye kitundu cha kuchungulia kilitoka na ukungu. Ndiyo sababu lenzi nyingi za zamani zina nukta au mstari mwekundu, pengine na herufi R, kando ya alama ya fokasi: baada ya kulenga, umbali uliosomeka husogezwa hadi kwenye alama hiyo. Alama iliwekwa kwa vitu vya mbali, na kwenye neli za milimita 49 haina msaada. Kamera inayoonyesha picha moja kwa moja kutoka kwenye kihisi imemaliza mjadala, kwani kinachoonekana kwenye skrini ni infraredi yenyewe. Mpiga picha hukuza sehemu ndogo ya skrini, kisha, badala ya kuzungusha lenzi, husogeza kamera nzima mbele na nyuma milimita kwa milimita hadi unyoya wa mguu wa nyuki ukatike wazi.

Kinachobaki ni tundu, na hapa fizikia haina huruma. Mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo hutawanyika, na mawimbi marefu hutawanyika zaidi. Pili, lenzi iliyosogezwa hadi moja kwa moja hupoteza robo tatu ya mwanga wake, na f/8 iliyoandikwa kwenye pete hufanya kazi kama f/16. Kwa mwanga wa kijani nukta moja ya kitu hapo huwa duara la mikromita 21 hivi kwenye kihisi. Kwa infraredi ya 850 huwa 33. Vijisanduku vya kihisi cha APS-C cha megapikseli 24 ni vya mikromita 4. Anayefunga hadi f/16 ili mdudu mzima awe ndani ya fokasi atapata mdudu mzima, laini kama wa pamba. Busara ni f/5.6, ambayo inarudisha duara kwenye 23. Kina cha fokasi hapo ni chini ya milimita moja, na anayetaka zaidi apige picha nyingi akisogea kidogokidogo, kisha programu iunganishe sehemu kali za kila moja.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza hata mafundi. Weusi wa macho si weusi wa infraredi. Neli za bei nafuu zimetiwa rangi nyeusi juu ya alumini, na kwa jicho ndani yake ni giza totoro; kwa infraredi rangi hiyo mara nyingi hung'aa kama bati, ikitupa mwanga ovyo juu ya picha na kuzalisha ukungu unaodhaniwa ni wa lenzi. Dawa ni kuzitandika ndani kwa kitambaa chenye manyoya mafupi, lakini kitambaa chenyewe kipigwe picha kwanza kwa kamera hiyohiyo, maana nacho chaweza kugeuka cheupe. Kisichodanganya ni kaboni. Masizi ni meusi kwa jicho na meusi kwa infraredi.

Helios ina udhaifu mmoja usiotibika kwa njia hizi: pembe zake. Umbo lake lilitokana na Biotar ya Zeiss, lenzi ya Kijerumani ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na halikukusudiwa vitu bapa. Noti, ukurasa au jani lililolazwa litakuwa kali katikati na kuyeyuka kandoni. Kwa kazi hiyo mitumba yenye thamani kubwa zaidi kwa bei yake ni lenzi za mashine za kukuzia picha za chumba cha giza: EL-Nikkor, Componon za Schneider, Rodagon za Rodenstock. Ziliundwa kutupa negativu bapa juu ya karatasi bapa kutoka karibu, na tangu vyumba vya giza vifungwe zimekosa wenyewe. Hazina pete ya fokasi, kwa hiyo hukaa kwenye mvukuto au neli, kupitia kipete chembamba cha M39 kwenda M42. Matoleo ya baadaye yana kidirisha cha plastiki cha kuangazia namba za tundu gizani, nacho huvujisha mwanga hadi ndani. Huzibwa kwa kipande cha foili. Utepe mweusi, kwa sababu iliyokwisha kutajwa, hauaminiki.

Taa za nyumbani za LED zina mwanga mwingi wa kusomea na infraredi karibu hakuna. Balbu za zamani za waya, zile zilizolaumiwa kwa kula umeme, hutoa infraredi zaidi kuliko mwanga, na flashi ya kamera nayo ina ya kutosha. Jua halina mshindani. Taa za ziada za kamera za ulinzi za nanomita 850, zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue pamoja na kamera zenyewe, ni taa nzuri za mezani kwa bei ndogo. Zisikodolewe macho kwa karibu: mboni haijifungi mbele ya mwanga isiouona.

Baada ya hayo, nini cha kupiga? Maua, ambayo kila anayeanza huyakimbilia, mara nyingi huangusha. Rangi za petali hazinyonyi infraredi, kwa hiyo waridi jekundu na alizeti hutoka na weupe uleule. Jani lina mengi zaidi. Klorofili hula wekundu na ubuluu lakini huiachia infraredi, nayo hudunda kwenye seli na vijiwazi vya hewa ndani ya jani hadi karibu nusu yake irudi nje. Kwa hiyo kijani ya jani haihusiki tena na kinachopigwa ni umbile lake: mishipa ya mchicha, malengelenge ya kuvu, njia za viwavi. Wadudu weusi nao hubadilika. Melanini inayowatia weusi hupoteza nguvu kadiri mawimbi yanavyorefuka, na mbawakavu aliye mweusi tii huweza kutoka kahawia iliyopauka, mistari ya gamba lake ikihesabika.

Karatasi ndiyo yenye vituko. Neno likiandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu na mstari wa penseli ukapitishwa juu yake, kwa kichujio cha 850 wino hutoweka na penseli hubaki peke yake, kwani ile ni rangi ya kemikali na hii ni kaboni. Kwa kanuni hiyohiyo Najib Albina, mpiga picha wa jumba la makumbusho la akiolojia la Jerusalem, alizipiga Hati za Bahari ya Chumvi kwa filamu ya infraredi katika miaka ya 1950, ngozi zilizokwisha kuwa nyeusi zikarudisha herufi zake. Noti mpya za euro zimeundwa hivyo makusudi: chini ya infraredi huonekana namba ya kijani, upande wa kulia wa picha kuu na utepe wa fedha, na sehemu nyingine hufutika. Soda ya kola kwenye glasi huwa safi kama maji.

Anayenunua lenzi ya mitumba, hasa wa pwani, aanze na tochi. Unyevunyevu wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi kama za utando wa buibui zinazoonekana tochi ikimulikwa kutoka nyuma. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele si kitu. Mafuta juu ya vibapa vya tundu si kitu pia kwa Helios, mradi vinasogea, kwa kuwa hufungwa kwa mkono na si kwa springi ya haraka. Kuvu changa husafishwa na fundi. Iliyokwisha kula utando na kuchora kioo haitoki, na lenzi hiyo thamani yake ni pete zake tu.